Tikiti ya Treni Isiyofika Koboko

Niliondoka Arua kwa sababu ya wivu, siwafichi. Adriko wa Ajia, mwenzangu katika kukusanya hatifungani za kale za reli, alipata moja ya Kongo akanitambia nayo mpaka nikakosa raha. Niliposikia kwamba Mama Neema, Mkongomani anayeuza vitenge Koboko, anayo nyingine, nilifunga safari.

Njiani nilikaa mbele ya lori la muhogo. Nikamweleza dereva kwamba zamani matajiri wa Ulaya waliikopesha kampuni ya reli ya Kongo, wakapewa karatasi nzuri zenye picha ya treni. Pembeni zilikuwa na kuponi, na kila mwaka walikata moja kwenda kuchukulia faida. Sisi wakusanyaji tukikuta kuponi hazijakatwa, akili hutuhama.

"Treni yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Ya Kongo haikufika hata mpakani, na ya kwetu iliishia Pakwach."

"Na wewe unafuata karatasi yake!" Alicheka karibu njia nzima.

Koboko, Mama Neema hakutaka kusikia habari za karatasi kabla sijala sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. Nilipomaliza akaileta, imefungwa ndani ya kitenge. Kuponi zilibaki mbili tu, lakini ile picha ya treni! Nikakunja uso, kama kawaida yetu tunapotaka kitu kwa bei ya bure.

"Mama, hii haina maana siku hizi. Nikuondolee tu takataka."

"Haina maana? Na wewe umetoka Arua kufuata nini? Sombe?"

Aibu ilinishika, nikacheka. Ndipo akanisimulia. Babu yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji, na bosi huyo alimwachia karatasi alipohama. Kwa kuona treni, babu akaamini kuponi ni tikiti. Tangu hapo kila binti wa ukoo akiolewa hukatiwa moja.

"Bibi harusi anaenda mbali," akasema. "Ile tikiti inamuambia njia ya kurudi iko."

Nikamfafanulia kuponi ni nini hasa.

"Tunajua siku mingi. Lakini mabinti wetu wote wanarudi kutusalimia. Tikiti gani inashinda hiyo?"

Kisha akachukua makasi ya kukatia vitenge.

"Usikate, Mama! Utaiharibu!"

"Si ulisema iko takataka?" Akakata. "Moja imebaki ya Neema, anaolewa mwezi kesho. Hii iko yako. Mutu anatoka kwa nyumba yangu bila tikiti, atarudi namna gani? Unakuja harusi."

Niliporudi Arua, Adriko alikuja mbio kuona nilichopata. Alipoona kipande kile alicheka hadi machozi. Halafu akakigeuza, akakigeuza tena. Akakunja uso.

"Hii haina maana, ndugu yangu. Niachie tu, nikuondolee takataka."

Hapo nilisikia jinsi uongo wetu unavyochekesha ukiwa mdomoni mwa mwingine.

"Na wewe umetoka Ajia kufuata nini?" nikamuuliza, nikamnyang'anya kuponi. Nimeitia katika mfuko wa shati nitakalovaa Koboko. Namjua Mama Neema: anaweza kunisimamisha mlangoni kwa harusi ya mwanawe, aniulize tikiti.