Shati la Kukalia Kiti

Kazini walimwita Ngazi, kwa urefu wake na kwa sababu kwenye kikosi cha zimamoto hakuna aliyempita kwa kupanda. Miaka ya kubeba mipira ya maji ilimjaza mabega na kifua, ila kiunoni alibaki mwembamba kama kijana wa shule. Kisha goti likaanza kumgomea. Wakamhamishia ofisi ya ukaguzi, penye meza na kiti cha kuzunguka.

"Huku ni shati na tai, ndugu yangu," mkuu mpya alimwambia. "Fulana ziache nyumbani."

Ngazi akaanza kuzunguka madukani. Shati lililomkaa mabegani lilimpwaya kiunoni. Akichomekea, linafura mgongoni kama mto. Lililomkaa kiunoni halikukubali kufungwa kifuani. Mama mmoja muuza nguo alimtazama juu mpaka chini, akacheka kwa upole. "Kaka, huu mwili ni wa watu wawili. Utanunua mawili uunganishe?"

Duka lililofuata alijaribu shati, akainua mikono mbele ya kioo, kama anayeshika ngazi. Mshono wa kwapa ukaachia, duka zima likasikia. Alilinunua hivyohivyo, akatoka mbiombio.

Nyumbani hakukalika. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, amezoea wasiotulia, lakini huyu alimshinda.

"Kaa basi, baba watoto."

"Si nimekaa."

"Umekaa wapi, na sebule yote umeimaliza kwa miguu?"

Akampeleka kwa kaka yake, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Ngazi akasimama kupimwa, kifua amekijaza pumzi, shingo ikigeuka kila gari likipita.

"Shemeji, tulia," fundi alisema. "Kila nikipima napata mtu mwingine."

Shati likaja kola imelegea na mikono mifupi. Fundi akalikunja, akaliweka pembeni.

Jumapili alasiri Ngazi alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Mkewe akachukua utepe wa kupimia, akaupitisha taratibu chini ya mgongo wake, akapima kifua, kiuno, shingo, mkono.

"Nini?" Ngazi aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Lala."

Vipimo hivyo akavipeleka kwa kaka yake, yule fundi.

Safari hii shati lilimkaa. Mabega yalipata nafasi, ubavuni kitambaa kikafuata mwili, kola ikatulia shingoni. Ngazi alijigeuza mbele ya kioo, akainua mikono, akainama, akainuka. Hakuona kasoro. Akatafuta tena. Mwisho akaketi ukingoni mwa kitanda, na moyo bado ulikuwa juujuu.

"Limekubana?" mkewe aliuliza.

"Hapana. Liko sawa kabisa." Akafungua kifungo cha shingoni. "Siyo shati, mama watoto. Ni kile kiti."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenielewa? Ulikuwa unagombana na vifungo. Kawaambie kazini."

Kesho yake aliingia kwa mkuu wake kabla hajaketi, maana alijua akiketi maneno yatamwishia. Aliomba ukaguzi wa nje: masoko, shule, majengo ya ghorofa, kuona kama mitungi ya kuzimia moto inafanya kazi na kama milango ya dharura inafunguka.

"Na goti?" mkuu aliuliza.

"Ngazi za kawaida nazipanda. Polepole."

Mkuu alimtazama, akatazama kile kiti kilichokwisha kulegea kwa kuzungushwa. "Haya. Tujaribu."

Siku hizi hushinda kwenye majengo ya watu, tai imelegezwa, akigonga milango na kuuliza funguo ziko kwa nani. Katikati ya ghorofa husimama kidogo, akalikanda goti, akaendelea. Mkewe amemwagiza kaka yake mashati mengine, ya kitambaa chepesi, kwa kuwa mtu anarudi jioni amelowa jasho. Utulivu wenyewe haujaja wote. Chai ya asubuhi bado anainywa amesimama mlangoni.