Aliyemsomea Mdogo Wangu Yasini

Mdogo wangu alifia Amerika, ndani ya gari lake, nje ya bohari alikokuwa akipakua mizigo. Mimi nilikuwa hapa Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, nikifunga mikoba ya kupeleka Mombasa. Wifi yangu alinipigia simu, akalia kwa muda mrefu kabla hajaweza kutamka neno.

Mambo yalianza na mgongo. Kreti lilimwangukia kazini, daktari akamwandikia vidonge vikali vya maumivu na kumhakikishia kwamba havina neno. Kila alipolalamika kwamba maumivu yamerudi, aliongezewa. Miaka ikapita hivyo. Kisha serikali ya huko ikaanza kuwabana madaktari, na yule yule aliyemzoesha akamfungia mlango bila kumwonyesha njia ya kujinasua. Mwili wake haukujua habari za sheria. Ulitetemeka, ukatapika, ukadai chake. Akaanza kununua mitaani vidonge vile vile vya hospitali. Vya kweli vilipoadimika, vikaja vya bluu vinavyofanana navyo kama shilingi kwa ya pili, herufi ile ile, namba zile zile. Ndani yake hamkuwa na ile dawa ya zamani hata chembe. Ilikuwa fentanili, ambayo kidogo tu hukata pumzi. Hayo wifi aliambiwa na waliompima damu, naye akanitumia picha ya kidonge kilichobaki garini.

Hitima tuliisoma chumbani kwangu. Aliyetuongoza Yasini alikuwa mtu wa kwetu, wakala wa mizigo mwenye ofisi mtaa huo huo. Ana sauti nzuri, siwezi kumnyima hilo. Alibeba masufuria, akawaandalia watu chai, na wakati wa kuondoka akaniambia nimhesabu kuwa kaka yangu.

Mwaka uliofuata kaka huyo aliniomba hisani. Alijua kwamba tangu wifi awe mjane nilikuwa nikimtumia mikoba aiuze huko Amerika. Alikuwa na boksi dogo la vipuri vya mashine, akataka nilichanganye na mzigo huo. Likifika kwa wifi, kuna mtu angekuja kulichukua. Alinisihi nisihangaike kulifungua, maana limefungwa vizuri.

Nililifungua. Ndani mlikuwa na kalibu ndogo za chuma, za kugandamizia vidonge. Kwenye uso wa kila moja ilichongwa, kinyumenyume, herufi ile na namba zile. Niliitoa ile picha kwenye simu, nikaziweka pamoja na kuzitazama mpaka macho yakaniuma.

Ningeweza kumrudishia boksi lake. Angelipeleka kwa mwingine, akaendelea kunisalimia barabarani. Nikampigia simu kwa sauti laini, nikamwambia nafasi ipo tele, kama ana mengine ayalete yote pamoja. Akanishukuru, akaniombea dua. Mimi nikaitikia amina.

Kisha nikaenda Shiling, soko la mikoba nje kidogo ya mji, kwa mama wa Kichina mwenye duka ninayenunua mikoba kwake miaka yote. Kichina changu ni cha bei na cha kubishana, hakitoshi kwa jambo kama hilo. Nilimwonyesha ile picha na kalibu moja, nikamweleza kwa maneno machache niliyo nayo. Alifunga duka mchana ule ule, akanifikisha polisi mwenyewe.

Siku yule wakala alipoyaleta maboksi, askari waliingia nyuma yake. Alikuwa akitania, jasho likimtoka.

"Dada, waambie ni vipuri tu," akasema.

Niliwaambia ni vipuri gani na vilikuwa vikienda nyumba ya nani, mama wa Shiling akinitafsiria. Wakala akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Nimekukosea nini?"

"Umemuua ndugu yangu."

"Mimi sikumjua ndugu yako."

"Ulimsomea Yasini," nikamwambia.

Wakamfunga pingu. Nilisimama pale mpaka gari lilipoondoka, kwa sababu nilitaka kuona.

Mkewe alikuja kunililia nikanushe maneno yangu. Nilimpa maji, nikamkatalia. Wapo watu wa kwetu wasionisalimu hadi leo, wakisema nimemtupa mwenzetu kwenye jela ya ugenini. Wengine husema huenda kalibu zilizomuua mdogo wangu zilitoka kwa mtu mwingine kabisa. Huenda. Huyu ndiye niliyempata.

Nilipomweleza mama yangu kwa simu, aliuliza kama mtu huyo ana mama. Nikamwambia anaye, yuko Likoni. Nikadhani atanisihi nisamehe.

"Basi naye akae kama nilivyokaa mimi," akasema.

Bado yule daktari aliyemwandikia vidonge. Anatibu watu hadi leo, mji ule ule. Wifi ameshapata wakili wa kumshtaki, na nimemwambia akiitwa kwenye suluhu asiende.