Suruali ya Karenzi

Nimechoka na ile suruali. Nisemwe, lakini nimechoka. Mimi Hamdani ni fundi cherehani hapa mtaani Nengo, na kwa miaka ishirini na minane jirani yangu, bibi Kankindi, amekuwa akiniletea suruali ileile, kila mwaka wa pili, niipanue kiuno.

"Ongeza kidogo," husema. "Karenzi atakuwa amenenepa. Mutu wa miaka makumi tano hawezi kubaki mwembamba."

Nami nashonea kipande kingine, upana wa kidole. Siku hizi ingemtosha mbunge.

Karenzi ni mwanawe. Mwaka 1990, akiwa na miaka kumi na tisa, alitoka kambi ya wakimbizi Uganda akaenda kwa hiari yake kwenye vita vya kurudi nchini hapa, suruali akaiacha kwenye kamba bado haijakauka. Baadaye wenzake wakaleta habari kwamba ametoroka. Dada yake Iribagiza aliona aibu ujana wake wote kwa neno hilo. Mama yao lilimpa usingizi, maana mtoro ni mtu aliye hai. Kwa hiyo hawakumlilia wala kuweka matanga. Waliweka suruali.

Iribagiza amestaafu ualimu wa Kiingereza. Huketi barazani kwangu na kompyuta yake, ananakili kupitia mtandao karatasi za kale za wazungu: orodha za vikosi vya askari wa miguu waliojitolea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, miaka ya 1860. Jina, umri, kazi, kilichompata. Kikosi kizima kilitoka wilaya moja, ndugu na majirani, na kuhara kuliwamaliza wengi kuliko risasi. Akimkuta fundi cherehani ananisomea, nami nauliza kama alirudi. Mara nyingi hakurudi. Kazi ya kuchosha, nawaambia, hata kuisikiliza tu.

Mwezi uliopita aliacha kuchapa ghafla. Alikuwa amemkuta fundi viatu wa miaka kumi na tisa, ameandikwa "ametoroka". Kisha, katika historia ambayo wazee wa kikosi hicho waliiandika baada ya vita, akamkuta tena. Alikuwa mgonjwa, akabaki nyuma njiani, na mifupa yake ilionekana miezi mingi baadaye nyuma ya zizi la mkulima. Orodha haikurekebishwa na mtu. Iribagiza naye ameamriwa na wenye kazi aandike anachokiona tu, basi akaandika "ametoroka", huku analia.

"Hamdani, mi nitamuambia maman Karenzi alikufa," akasema.

"We, wacha! Maman iko na miaka makumi nane na sita. Wacha alale."

"Nimechoka kumudanganya eti atarudi. Na mi mwenyewe nimemuchukia Karenzi bure."

Alimwambia Jumapili, baada ya misa. Siku nne bibi Kankindi hakutoka nje, na chakula kilirudi jikoni kilivyokwenda. Nilimnunia Iribagiza, hata salamu nikawa naitikia nusu. Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Niliona tumemzika bibi kwa mdomo wa bintiye.

Siku ya tano bibi akaja na suruali mkononi. Nikajua hakuamini, na moyo wangu ukatulia. Nikavuta kitambaa cha kahawia nikate kipande.

Akaushika mkono wangu wenye mkasi.

"Apana, mwanangu. Toa vipande vyote. Rudisha vile ilikuwa."

Nilifumua mpaka alasiri, yeye ameketi kwenye benchi anangoja. Vipande kumi na vinne, hakuna viwili vya rangi moja. Nilipomaliza nikakishona kiuno cha zamani juu ya alama zake zilezile, nikampa. Akakitandaza magotini, akakipima kwa viganja vyake: hakikufika shibiri mbili.

"Alikuwa mwembamba hivi," akasema. "Ambia watu waje Jumamosi. Tunamulilia."