Punje za Manjano Katika Mahindi ya Mama

Mwaka ambao baba alikufa nilikuwa na miaka tisa, na shida ikaanza palepale. Kwa watu walionipokea nililishwa uji wa mahindi ya manjano yaliyooza, fukusi wakielea juu. Nilitapika, nikapigwa, nikala tena. Mpaka leo harufu ile iko puani mwangu.

Mama, aliyetangulia kufa, aliniachia kitu kimoja: mbegu ya mahindi meupe. Masomo niliyaacha kwenye madarasa ya chini kabisa ya primaire, lakini mbegu ile nimeitunza mpaka uzee, shambani kwangu Kiwanja.

Msimu mmoja nikamenya muhindi, nikaona punje za manjano kati ya nyeupe, kama meno ya mvuta tumbaku. Nikamenya mwingine: vilevile. Nikatema mate, nikaenda kwa jirani, aliyepanda mahindi ya manjano ya kulisha kuku wake.

"Umeniletea uchafu wako shambani!"

"Mimi, muzee? Ni upepo huo. Uufunge basi kamba!"

Wafanyakazi wake wakacheka. Na alisema kweli, mutu mubaya yule. Vumbi la maua ya juu hupeperuka na kuangukia ndevu za muhindi, na kila unywele ni wa punje moja. Kwa hiyo muhindi mmoja una mama mmoja na baba wengi. Aibu gani hii!

Nikataka kutupia nguruwe mavuno yote, na mbegu ya mama iishie hapo. Mke wangu akayakalia magunia.

"Papa, hizi nyeupe zimekosa nini?"

"Zimelala na uchafu."

"Kulala karibu si kuwa mutoto wake. Chagua!"

Tukachagua. Nyeupe nilizipanda mapema, maua yangu yamalizike kabla ya ya jirani kufunguka. Chache za manjano mke akazipanda peke yake nyuma ya nyumba yetu mtaani Katoyi, mbali na shamba, aone zitazaa nini. Zikazaa manjano nyingi, na nyeupe katikati! Kumbe weupe wa mama ulikuwa umefichwa ndani ya takataka ile. Nilichukia manjano mara mbili: yamechafua, tena yameficha. Lakini kule Kiwanja nilimenya, nikamenya: nyeupe tupu. Nyeupe haifichi kitu.

Leo nina nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, shamba, pikipiki, mbuzi wanne, mke mubishi, na mahindi ya mama yanayoning'inia jikoni juu ya moshi. Kuku sina. Sitaki.