Tulivyoseti Taimingi kwa Sikio

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali pale Mwanza mjini, sikupewa spana. Fundi Mkuu, mzee mnene asiyependa maneno, alinisimamisha mbele ya lori lililokuwa linaunguruma akasema, "Bwana mdogo, weka mikono mfukoni. Leo unasikiliza." Nikasikiliza mpaka saa ya chakula. Nilidhani ananichezea shere kwa sababu nimetoka Magu na viatu vya kuazima.

Magari ya wakati ule hayakuwa na kompyuta. Cheche ya kuwasha petroli ilitokana na vitu vichache unavyoweza kuvishika: koili ya kukuza umeme, distributa ya kuugawa kwenye plagi, na ndani ya distributa vijichuma viwili tulivyoviita pointi, vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, cheche inaruka. Pembeni hukaa kondensa, kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue. Kikifa, gari linakohoa, na fundi asiyejua atahangaika na kabureta siku nzima bure.

Kupima mwanya wa pointi hakukuwa na shida, vipo vipande vya bati vya kupimia. Shida ilikuwa taimingi, yaani kuifanya cheche iruke kwa wakati wake. Unalegeza bolti ya distributa, unaigeuza taratibu huku injini inazunguka. Ukiiwahisha cheche, injini inachangamka na mwanafunzi anafurahi. Hapo ndipo wengi walipoharibu. Injini iliyowahishwa sana huchangamka gari likiwa limesimama, lakini ikipewa mzigo na mlima inagonga ndani kwa ndani mpaka pistoni inatoboka. Lazima uirudishe nyuma, hadi mahali fulani. Alama za kiwandani zilikuwepo, ila kwa injini zilizochoka kama zetu hazikusema kweli. Fundi Mkuu alipapata mahali hapo kwa sikio. Nilipokosea alinichapa mkono, nilipopatia alinyamaza. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote.

Baadaye nilihamishiwa Magu, kwenye malori ya pamba, kisha nikavuka na kivuko hadi Kamanga kwenda kituo cha Sengerema. Huko Mhandisi wa Wilaya, msomi na mstaarabu, alinikuta nimeinamia injini akauliza, "Unajuaje kwamba hapo panatosha?" Nikamjibu, "Nasikia tu, bosi." Akacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na maringo siku hizo, sikatai.

Nilistaafu nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe, nikajenga Kisesa. Masikio nayo yakastaafu, la kushoto kwanza, kisha la kulia. Miaka ya kukaa katikati ya injini ilidai chake. Siku hizi anayetaka kusema nami hunisogelea na kupiga kelele.

Shemeji yangu Mama Kulwa, mjane wa mdogo wangu, alibaki na pikapu ya marehemu, ya pointi na distributa. Ndiyo iliyobeba mpunga wake kutoka Magu kwenda kuuzwa mjini, na kwa mpunga huo amesomesha watoto. Ilipozima mwaka jana, gereji kadhaa zilimrudisha. Sisemi vijana ni wajinga. Wao huchomeka kompyuta kwenye gari, nalo huwaambia ugonjwa wake. Pikapu ile haina pa kuchomeka. Mmoja alishaitupa kondensa akidhani ni takataka.

Aliyekubali kujaribu ni Masanja, fundi wa makamo mwenye gereji yake hapa hapa.

"Shikamoo mzee," alisema. "Wewe niambie, mimi nitafanya."

Tulifunga pointi mpya na kondensa tuliyoitoa kwenye injini kuukuu. Ikawaka. Nilijua kwa kuweka kiganja kwenye bodi na kuhisi inatetemeka. Masanja akageuza distributa, akatabasamu.

"Imechangamka, mzee!" akapaza sauti sikioni mwangu.

"Hapo umeiwahisha. Rudisha nyuma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka isikike vizuri."

"Isikikeje, mzee? Mimi nasikia inaunguruma tu."

Nikajaribu kuuiga mlio, Masanja akanitazama kwa huruma, nami nikaona aibu. Nikaweka tena kiganja. Hakikuniambia kitu. Nikamwambia arudishe tena, kwa kubahatisha.

"Hapo?"

"Sijui, Masanja. Kweli sijui."

Nilimsihi shemeji asibebe mzigo kwanza. Lakini mpunga ulikuwa umeshavunwa, na wanunuzi hawamngoji mtu. Akiwa na magunia yake, kwenye mwinuko kabla ya kufika Kisesa, pistoni ikatoboka. Injini nyingine ya aina ile haipatikani tena. Sasa anakodi gari la watu, na faida yote inaishia kwenye nauli.

Watu huniambia, "Mzee, wafundishe vijana." Niwafundishe nini? Pointi na kondensa nimewaeleza, na mmenielewa. Kilichobaki sikupewa kwa maneno, wala sina maneno ya kukitoa. Siwezi kumchapa mtu mkono kwa mlio nisiousikia. Wenzangu tuliofundishwa pamoja wamekwisha kufa. Nimekata tamaa, na sioni sababu ya kuwaficha.

Juma lililopita wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mtungi wao wa gesi kuikatakata pikapu uani kwa shemeji. Nilikuwa nimeketi barazani kwake. Shemeji akaja, akanishika mkono, akainama sikioni mwangu.

"Shemeji, ingia ndani. Usikae hapa ukasikia."

Nikamwangalia. Alikuwa analia, wala hakujua amesema nini. Nikaingia ndani.