Udongo Mweusi wa Mugutha

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mwili bado hunisisimka nikiitaja. Ni siku mlango wa chumba ulipokataa kufunguka, na binti yangu amelala ndani. Kaa nikusimulie, maana umeniambia umepata kazi ya kufundisha sayansi gredi ya nne, na kazi hiyo mimi niliifanya hapa Ruiru na Thika mpaka nikastaafu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mbichi, mwenye majivuno ya cheti kipya. Darasa langu liliimba majina ya sayari kwa mpangilio, kuanzia ile iliyo karibu zaidi na jua, na wageni waliotembelea shule wakapiga makofi. Udongo nao niliufundisha: kichanga, mfinyanzi, tifutifu. Niliandika ubaoni kwamba mfinyanzi hushika maji, huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Watoto wakanakili, nikasahihisha, tukaendelea na mwezi na nyota.

Mimi na mume wangu Kamau ni watu wa Gatundu, watu wa chai na udongo mwekundu. Kwetu ukichimba msingi wa kufika magotini, nyumba itasimama mpaka wajukuu waigombanie. Basi tulinunua ploti Mugutha, karibu na Ruiru, wakati wa kiangazi. Ardhi nyeusi ya pale ilikuwa imekauka hata jembe linaruka. Ilikuwa na nyufa ambazo mkono ungeingia, nasi tukasema ni jua kali tu. Kamau aliona ardhi ngumu namna ile haina haja ya msingi mrefu, na fundi tuliyemtoa kwetu akaafiki, kwa sababu naye hakujua udongo mwingine. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwa anasikiliza? Tulitaka kutoka nyumba ya kupanga kabla mtoto hajazaliwa.

Mtoto alizaliwa tukiwa tumeshahamia. Tulimwita Wanjiru, jina la mama mkwe wangu, kama desturi yetu inavyotaka. Kisha mvua za masika zikaja, na ufa mwembamba ukatokea kwenye kona ya mlango wa chumba cha kulala, ukapanda kuelekea upande wa kitanda. Kamau akauziba kwa simiti. Ukarudi, akauziba tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba, mwanangu, na ukuta tukaujenga vilevile.

Jumamosi hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kutuona, na sufuria yake ya njahi, yale maharagwe meusi ya kumpa nguvu aliyejifungua. Kamau alikuwa kazini Thika. Nilimlaza mtoto, nikarudisha mlango, nikakaa jikoni na mama mkwe. Mara tukasikia mlio mkavu, kama kuni inapasuliwa, na mtoto akaanza kulia. Nikausukuma mlango, haukusogea. Nikatia bega. Nyumba ilikuwa imesogea, fremu imepinda, na mlango umebanwa kabisa.

Nilikimbilia dirishani kwa nje, nikakutana na grili za chuma tulizojivunia sana, za kuzuia wezi. Nilimwona binti yangu akirusha miguu, na plasta inamdondokea. Sijawahi kuogopa vile. Nikabaki nimeshika chuma tu.

Mama mkwe ndiye aliyekimbilia sururu nyuma ya nyumba. Aliupiga mlango karibu na kitasa mpaka mbao ikapasuka, akaingia, akatoka na mtoto amemfunika kwa leso. Hatujafika getini, ukuta wa upande wa kitanda ukaporomoka. Baadaye nilichungulia nikaona mawe yamejaa kwenye godoro, pale pale nilipokuwa nimemlaza.

Tulisimama kwenye lile tope jeusi linalonata viatuni mpaka miguu inakuwa mizito. Mama mkwe hakunigombeza. Aliinama akaokota donge, akalifinyafinya, kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Mama Wanjiru, hii mchanga ya huku ni ya aina gani? Ya kwetu haifanyangi hivi."

Nilimjibu bila kufikiri, kwa sauti yangu ya darasani, nikimwita Cucu, yaani nyanya ya mtoto. "Ni mfinyanzi, Cucu. Unashika maji. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka."

Alinitazama, mtoto akiwa kifuani mwake.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

Ni kweli nilikuwa najua. Nilikuwa nimeyaandika maneno yale kwa mkono wangu muhula uliotangulia, na bado nikamlaza mtoto juu ya udongo ule ule. Haikuwahi kunijia kwamba mfinyanzi wa kitabuni ndio huu wa Mugutha. Nilidhani wa kitabuni uko mahali pengine, huko pamoja na sayari.

Tulipojenga upya tulizoa udongo mweusi wote mpaka tukafika kwenye jiwe. Lakini kabla ya hapo, Jumatatu iliyofuata, nikirudi kazini kutoka likizo ya uzazi, nilipeleka darasani mikebe miwili, mmoja wa udongo wa Gatundu na mwingine wa Mugutha. Tukaimwagilia maji, tukaianika juani siku kadhaa. Ule mweusi ukanywea, ukapasuka na kuachana na mkebe. Msichana mmoja akauliza kama nyumba yao imekaa juu ya udongo kama huo. Nikamwambia aende aangalie, kisha amuulize baba yake walichimba mpaka wapi. Hakuna somo lililowahi kunitetemesha kama hilo.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtoto akiimba sayari zote mpe hongera, halafu mtoe nje ashike hii anayolala juu yake, kwa maana dunia nayo ni sayari. Kila unachofundisha, jiulize kwanza kiko wapi kwako nyumbani. Na ukihamia ardhi ngeni usijenge kwa mazoea ya kwenu. Waulize waliotangulia kukaa hapo, maana kuuliza si ujinga.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe darasa lenye maswali mengi, na uvumilivu wa kuyajibu. Na kila mtoto atakayepita mikononi mwako arudi kwao akatazame ukuta ulio karibu na kitanda chake. Amina.