Mtuhumiwa wa Kila Asubuhi

Fundi Kabati alipekuliwa na jeshi mara mia moja na kumi na mbili bila kosa lolote, na mara nyingi alijipeleka mwenyewe, amenyoa ndevu na kuvaa shati safi.

Alikuwa seremala wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwenye vumbi la mbao masikioni na pikapu isiyowaka mpaka isukumwe. Jina la Kabati alilipata pabaya. Mama yake alipofariki, yeye na kaka yake, naye seremala, kila mmoja alijifungia kwenye karakana yake akachonga jeneza bila kumwambia mwenzake. Marehemu alikuwa mmoja. Akazikwa kwenye la kaka, kwa kuwa kaka ni mkubwa, na mdogo akarudi nyumbani na jeneza lake tupu. Akalisimamisha wima, akalitia bawaba na sehemu ya kutundikia nguo, likawa kabati. Tangu siku hiyo ilipita miaka kumi na moja ndugu hao hawasalimiani. Mimi naona walikuwa wajinga wote wawili, ingawa kabati lenyewe, kusema kweli, limetulia.

Jeshi lilipokuja kuweka kizuizi cha barabarani, lilikiweka hatua mia mbili kutoka karakana ya Fundi. Mkuu wa kizuizi alikuwa Sajini mmoja mwembamba, mwenye kijitabu cha mwongozo mfukoni, na kisichoandikwa humo kwake hakikuwepo duniani. Akaanza na kibao cha SIMAMA. Baada ya kibao yakafuata mapipa yaliyojazwa mchanga, moja kushoto, moja kulia, ili gari lipite likijipindapinda polepole. Kisha ubao wa misumari, kisha gogo lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Pembeni palisafishwa uwanja wa kupekulia, na nyuma ya magunia ya mchanga alilala askari na bunduki kubwa, akiwalinda wenzake wanaopekua. Mwisho kabisa lilisimama gari la jeshi, jipu, limeelekezwa mjini, tayari kumpeleka makao makuu yeyote atakayekamatwa.

Kilichokosekana ni magari tu. Daraja la upande wa juu lilikuwa limebomoka tangu mwaka juzi, na mwenye gari upande huu alibaki Fundi peke yake.

Wiki ya pili Sajini akaenda karakanani, akavua kofia.

"Mzee wangu, vijana wangu watasahau kazi. Tusaidie. Uwe unapita."

"Mbona mimi napita kila siku, afande?"

"Upite zaidi."

Wakakubaliana. Askari watamshushia mbao zake, na yeye kila asubuhi atapita kizuizini akiwa mtuhumiwa. Sajini alimwandikia kikaratasi cha siku: leo wewe ni mlevi, leo wewe ni mganga aliyepoteza kitambulisho, leo unajifanya kiziwi. Fundi aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokiri kwa mkewe. Siku ya kiziwi alijifanya hasikii mpaka jioni, mke akakasirika kwelikweli. Na siku moja walimficha askari ndani ya kabati la mteja ili wenzake wamtafute. Wenzake wakapekua boneti, wakapekua chini ya kiti, wakapekua hadi kofia ya Fundi, wakamruhusu aende zake. Mteja alipofungua kabati lake jipya sebuleni alipigiwa saluti. Sajini akaandika kwenye daftari: mtuhumiwa hakupatikana.

Sasa, siku Meja mmoja kutoka makao makuu alipokuja kukagua kizuizi, saa nne asubuhi, simu ya mke wa Fundi ililia. Aliyepiga alikuwa mke wa kaka. Mke akasikiliza, akamgeukia mumewe.

"Kaka yako yuko hospitali mjini, wodi ya wanaume, kitanda namba saba. Saa sita anaingizwa chumba cha upasuaji, na madaktari hawajamficha kwamba anaweza asitoke. Amesema, mwiteni mdogo wangu."

Fundi hakuuliza swali. Aliacha randa juu ya ubao, majirani wakasukuma pikapu, akaondoka. Neno "mdogo wangu" hakuwa amelisikia kwa miaka kumi na moja.

Kizuizini askari walikuwa wamepiga pasi hadi kamba za viatu. Meja alisimama kando na faili.

"Simama! Zima gari! Unakwenda wapi?" Koplo akauliza.

"Mwanangu, nipishe. Kaka yangu anafanyiwa upasuaji."

Koplo akatabasamu kwa siri. "Hii mpya, mzee. Nzuri sana."

"Si igizo! Kaka yangu anaweza kufa!"

Sajini akasogea dirishani, akanong'ona, "Vizuri, lakini punguza machozi kidogo. Meja hapendi makubwa."

Wakampekua. Walipomaliza, Meja akasema waliopekua walianza mlango wa kulia badala ya kushoto, basi warudie. Pikapu ikasukumwa nyuma hadi kwenye kibao cha SIMAMA. Wakarudia. Mara hii aliyeshika kioo cha kutazamia chini ya gari alikishika juu chini, wakarudia tena. Fundi alilia waziwazi, akawataja mama na marehemu wote wa ukoo, na kila alivyozidi kulia ndivyo Meja alivyozidi kuandika. Saa tano na nusu ikafika.

"Raia huyu apewe barua ya pongezi," Meja alisema.

Hapo Fundi akafuta machozi. Mwongozo ule alikuwa amesomewa mara mia moja na kumi na mbili, na sasa aliujua kuliko Koplo. Akashuka, akanyoosha mikono mbele.

"Nakiri," akasema. "Nina mwenzangu. Yuko hospitali mjini, wodi ya wanaume, kitanda namba saba. Anajua yote niliyoyafanya. Saa sita wanamchoma sindano ya usingizi, na akishalala, mtamuuliza nani?"

Meja akamtazama Sajini. "Mwongozo unasemaje?"

"Ukurasa wa kumi na tisa, afande. Mtuhumiwa akimtaja mwenzake, wakutanishwe mara moja."

"Mnasubiri nini, basi?"

Wakamtia pingu, wakamrusha ndani ya jipu, Meja akakaa mbele na faili lake. Nyuma ya jipu, kando ya Fundi, Sajini alikuwa amekunja uso.

"Mzee, hii sikukuandikia," akanong'ona.

"Nilikwambia tangu saa nne, Sajini. Ni kaka yangu."

Sajini akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Kisha akampiga dereva begani. "Kanyaga mafuta!"

Walimkuta kaka ukumbini, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, muuguzi keshaanza kumsukuma. Alikuwa amekonda sana. Aliziona buti, akaziona bunduki, akaziona pingu, na mwisho kabisa akamwona aliyezivaa.

"Unamfahamu mtu huyu?" Meja akauliza, kalamu tayari.

Fundi akainamisha kichwa.

"Ni mdogo wangu," kaka akasema. "Kosa lolote alilofanya, niandikeni mimi."

Meja, mtu wa utaratibu, akaandika. Kaka akajiinua kidogo kwa kiwiko.

"Lakini umefanya nini, wewe?"

"Nimechelewa, kaka."

Muuguzi akasema mwisho wa ndugu ni mlangoni. Fundi akakishika kitanda kwa mikono yake miwili iliyofungwa, Sajini akashika upande wa pili, wakamsukuma pamoja hadi hapo.